Lisbon kwa Saa za Mlo: Mwongozo wa Kuujua Mji Kupitia Mikahawa na Vyakula Vyake

Wageni wengi huingia Lisbon na orodha ya majina mkononi: mnara huu, kanisa lile, tramu namba 28. Wanaimaliza kwa siku mbili, wanapiga picha, wanaondoka bila kuzungumza na mwenyeji hata mmoja. Mwongozo huu unakupa ratiba nyingine. Fuata saa za mlo za wakazi wa mji huo: ule wanapokula, usimame wanaposimama, uagize wanachoagiza. Makumbusho na makanisa utayaona njiani, kwa sababu karibu kila jengo maarufu la Lisbon lina mkahawa wa zamani jirani.

Kwa nini chakula kiwe dira? Kwanza, ni nafuu. Kahawa ya kusimama kaunta katika mtaa wa kawaida bado huwa karibu euro 1, na kwa euro hiyo unapata haki ya kukaa katikati ya maisha ya watu. Pili, Lisbon ni mji wa bandari, na historia yake yote imo sahanini: samaki wa chumvi kutoka bahari za kaskazini, mdalasini wa Bahari ya Hindi, sambusa zilizopitia Goa na Msumbiji. Msomaji wa pwani yetu atakutana na mambo yanayomhusu moja kwa moja.

ASUBUHI: KAUNTA YA PASTELARIA

Pastelaria ni duka la mikate na keki ambalo pia ni mkahawa. Kila mtaa una yake, mara nyingi zaidi ya moja. Kati ya saa moja na nusu na saa nne asubuhi hapo ndipo utawakuta fundi bomba, karani wa benki na bibi aliyetoka kununua mboga, wote bega kwa bega. Usiende kwenye kifungua kinywa cha hoteli. Toka nje, tembea dakika tano mbali na uwanja wenye watalii, ingia palipojaa.

Kabla hujaketi, fahamu jambo moja: bei inaweza kutofautiana kulingana na mahali unaponywea. *Balcão* ni kaunta, ndiyo rahisi. *Mesa* ni meza ya ndani. *Esplanada* ni meza ya nje, ndiyo ghali. Tazama bei zilizobandikwa ukutani au kwenye menyu, kisha uamue.

Utaratibu ni huu:

1. Ukiingia, salimia kwanza: "Bom dia." Mhudumu anayesalimiwa huhudumia kwa moyo mwingine kabisa.
2. Chungulia kama watu wameshika vikaratasi vya namba. Kama wanavyo, chukua chako kwenye kimashine kilichopo karibu na mlango. Ukiona bango la *pré-pagamento*, lipa kwanza kwa keshia, kisha peleka risiti kaunta.
3. Agiza kahawa na kitu kimoja cha kula. Ukikosa jina, onyesha kwa kidole kwenye kabati la vioo, hakuna atakayekushangaa.
4. Kunywa hapohapo. Kikombe ni kidogo, kizito, chenye moto, na sukari imewekwa pembeni ya kisahani ndani ya kipakiti. Wenyeji humaliza kwa mafunda matatu. Kibweta cha chuma kilichojaa vikaratasi vyembamba vya kufutia midomo kitakuwa mbele yako. Chukua viwili vitatu, kimoja hakifuti kitu.
5. Ukimaliza, mwambie mhudumu ulichokula, lipa, sema "Obrigado" kama wewe ni mwanamume, "Obrigada" kama ni mwanamke.

Cha kula ninachokupendekezea siku ya kwanza ni *torrada*: mkate mnene uliochomwa, ukapakwa siagi hadi ikazama, ukakatwa vipande virefu. Omba kipande cha katikati, ndicho laini. Kunywa nacho *galão*.

KISANDUKU: KAHAWA UNAYOTAKA INAITWAJE?

- *Bica*: kahawa ndogo kali bila maziwa. Ndiyo kahawa ya Lisbon.
- *Bica cheia*: ileile, kikombe kimejazwa zaidi.
- *Italiana*: fupi zaidi, kali zaidi.
- *Pingado*: bica iliyotiwa tone la maziwa.
- *Garoto*: kikombe kidogo chenye maziwa mengi na kahawa kidogo.
- *Meia de leite*: kikombe kikubwa, nusu kahawa nusu maziwa.
- *Galão*: glasi ndefu, maziwa mengi.
- *Abatanado*: kahawa nyeusi ndefu, kwa anayetaka kikombe kikubwa.
- *Descafeinado*: isiyo na kafeini.
- *Carioca de limão*: maji moto yenye ganda la limau. Haina kahawa kabisa, na baada ya mlo mzito hakuna kinywaji bora.

Ukiona bica ni nzito na chungu kuliko kahawa ulizozoea katika miji mingine ya Ulaya, sababu ipo. Wachomaji wa Ureno kwa desturi huchanganya robusta kwa wingi, na kwa miaka mingi robusta hiyo ilitoka Angola, ambayo kabla ya uhuru wa 1975 ilikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa kahawa duniani. Ni jamii ileile ya kahawa inayolimwa Kagera na Uganda. Anayetoka Bukoba ataitambua harufu kabla hajaonja.

BELÉM: NENDA MAPEMA

Tenga asubuhi moja kwa Belém, kitongoji cha magharibi kando ya mto Tagus. Panda treni ya Cascais kutoka kituo cha Cais do Sodré au tramu namba 15. Mimi ningechagua treni, kwa sababu tramu hujaa hadi mlangoni na wachomoa mifuko wanalijua hilo.

Hapo ndipo palipo na duka la Pastéis de Belém, lililofunguliwa 1837. Kisa chake ni hiki: watawa wa Jerónimos, monasteri iliyo hatua chache tu kutoka dukani, walikuwa na vitamutamu vya viini vya mayai. Katika nyumba za watawa za Ureno ute wa yai ulitumika kunyoosha nguo kama wanga, na viini vilivyobaki vikaingia jikoni. Baada ya mapinduzi ya kiliberali ya 1820 mambo yakawa magumu kwa watawa, na mwaka 1834 monasteri zikafungwa nchi nzima. Kichocheo kikahamia dukani, na mpaka leo ni siri ya nyumba hiyo. Vya huko tu ndivyo huitwa *pastéis de Belém*. Vya kwingine kote ni *pastéis de nata*.

1. Fika kabla ya saa nne asubuhi.
2. Foleni ndefu unayoiona nje kwa kawaida ni ya wanaobeba. Uliza ya kukaa, kisha ingia ndani; kuna vyumba vingi vilivyopambwa vigae vya buluu, na mara nyingi utapata meza haraka kuliko wa foleni atakavyopata boksi.
3. Agiza viwili. Kimoja hakitoshi, na vitatu vitakunyima hamu ya chakula cha mchana.
4. Nyunyizia mdalasini kwanza, sukari ya unga baadaye, kidogo.
5. Kile kingali cha moto. Shikilia kikombe cha unga kwa vidole viwili: tabaka zake zinapaswa kuvunjika kwa mlio, na juu ya krimu pawe na madoa meusi ya moto wa tanuri. Kikiwa laini kama mkate, kimelala.

Mdalasini huo usiupite hivihivi. Ukitoka dukani, ingia kanisa la Jerónimos ulione kaburi la Vasco da Gama, yuleyule aliyepita Mombasa na kutia nanga Malindi Aprili 1498. Jengo lenyewe lilianza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16, na kodi ya biashara ya Afrika na Mashariki ndiyo iliyochangia gharama. Ukirudi mjini, shuka njiani uende Museu Nacional de Arte Antiga. Humo kuna Custódia de Belém, chombo cha ibada kilichokamilika 1506, kilichofuliwa kwa dhahabu ya kodi aliyotozwa sultani wa Kilwa. Kwa Mswahili, hii ndiyo saa muhimu kuliko zote za safari, na naomba usiiruke. Hakikisha tu siku hiyo jumba liko wazi, kwani hufungwa Jumatatu na wakati mwingine kwa ukarabati.

MCHANA: TASCA NA SAHANI YA SIKU

Tasca ni mgahawa mdogo wa familia: meza chache, karatasi badala ya kitambaa cha meza, menyu ya leo imeandikwa kwa mkono na kubandikwa dirishani. Mlo wa mchana huanza saa sita na nusu hivi na kwisha saa nane na nusu. Ukifika saa tisa utakuta wenyewe wanakula. Tasca nyingi hufungwa Jumapili, kwa hiyo ipange siku hiyo mapema.

Cha kuagiza ni *prato do dia*, sahani ya siku. Inapikwa kwa wingi, inatoka haraka, na ni nafuu kuliko vyote kwenye menyu. Katika mitaa ya kawaida bei yake mara nyingi huwa kati ya euro 9 na 14. Wakati mwingine bei hiyo inajumuisha supu, kinywaji na kahawa. Uliza.

Utaratibu:

1. Simama mlangoni, onyesha kwa vidole mko wangapi, usubiri kuelekezwa meza.
2. Mhudumu ataleta mkate, zeituni, siagi, labda jibini, kabla hujasema neno. Hiyo ni *couvert*, na si zawadi. Ukila, utalipa.
3. Kama huitaki, sema "Não quero, obrigado," naye ataiondoa bila kinyongo.
4. Uliza kama kuna *meia dose*, yaani nusu sahani. Nusu hiyo humshibisha mtu mzima. *Dose* kamili mara nyingi ni ya watu wawili.
5. Ukiagiza maji utaulizwa "fresca ou natural?": ya baridi au ya kawaida? Maji ya bomba ni salama, ukitaka hayo, sema "água da torneira."
6. Ukimaliza, omba bili: "A conta, se faz favor." Usiisubiri ije yenyewe, kuleta bili bila kuombwa huonekana kama kumfukuza mgeni.
7. Keshia anaweza kukuuliza "Contribuinte?" Anataka namba ya mlipakodi kwa ajili ya risiti. Mgeni hujibu "Não."

ONYO KUHUSU COUVERT. Sheria ya Ureno ya 2015 inasema mteja hawezi kutozwa chakula au kinywaji chochote ambacho hakukiagiza wala kukigusa, couvert ikiwemo. Ukiikuta kwenye bili na hukuigusa, onyesha kwa upole uombe ifutwe. Wakikataa, omba *livro de reclamações*, kitabu cha malalamiko ambacho kila biashara inayohudumia watu inalazimika kuwa nacho. Mara nyingi kukitaja tu kunatosha.

Sasa, ule nini? Anza na bacalhau. Ni samaki wa bahari za Norway na Iceland aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kukaushwa hadi akawa mgumu kama ubao. Aliyekulia na papa mkavu au ng'onda hahitaji kuelezwa zaidi: ni ufundi uleule wa kumloweka siku nzima au mbili huku maji yakibadilishwa, ndipo apikwe. Kwa mara ya kwanza chagua *bacalhau à Brás*: samaki aliyechambuliwa, vitunguu, viazi vyembamba kama njiti vilivyokaangwa, vyote vikafungwa kwa mayai, juu yake zeituni nyeusi na majani ya pasili. Sahani nzuri ina mayai yaliyoiva nusu, yanayong'aa. Yakikauka yakawa kama kimanda, mpishi amechelewa kuepua.

Vingine vya kutafuta: *polvo à lagareiro*, pweza wa kuokwa na viazi vilivyopondwa kidogo, akamwagiwa mafuta ya zeituni na kitunguu saumu, *arroz de marisco*, wali wa mchuzi wenye vyakula vya baharini, unaoliwa kwa kijiko, *caldo verde*, supu ya viazi yenye majani ya jamii ya sukuma wiki yaliyokatwa membamba kabisa. Sardini za kuchoma ni za Juni hadi Septemba. Usiku wa Juni 12, mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu Antonio, mitaa ya Alfama hufunikwa na moshi wa majiko ya kuchomea sardini, na anayeweza kupanga safari yake iangukie siku hizo, afanye hivyo.

KISANDUKU: KAMA HULI NGURUWE AU HUNYWI POMBE

Nguruwe yumo mahali usipomtarajia, hivyo uliza kila mara: "Tem carne de porco?" Zingatia haya:

- Caldo verde huja na kipande cha soseji ya nguruwe. Omba "sem chouriço," lakini jua kwamba soseji huenda ilichemkia humo.
- *Tosta mista* ni mkate wa jibini na nyama ya nguruwe. Omba "só queijo."
- *Bifana* ni mkate wa nyama ya nguruwe. Ndugu yake *prego* ni wa nyama ya ng'ombe.
- *Alheira* ni soseji inayosemekana ilibuniwa na Wayahudi ili waonekane wanakula nguruwe. Siku hizi nyingi zina nguruwe kwelikweli.
- *Toucinho do céu* ni keki ya lozi ambayo kwa asili hutiwa mafuta ya nguruwe. *Pudim Abade de Priscos* nayo hupikwa kwa mafuta hayo.
- Kombe na nyama nyingi hupikwa kwa mvinyo mweupe. Uliza: "Leva vinho?"

Mlo salama zaidi ni samaki wa kuchoma, *peixe grelhado*, na viazi na saladi. Nyama halali utaipata kitongoji cha Mouraria, hasa mtaa wa Rua do Benformoso, penye migahawa mingi ya Wabangladeshi. Msikiti Mkuu wa Lisbon, uliofunguliwa 1985, uko karibu na Praça de Espanha. Jumuiya iliyouasisi ilikuwa na wengi waliohamia kutoka Msumbiji.

ALASIRI: MIKAHAWA YA KALE

Saa kumi hadi saa kumi na mbili ni wakati wa *lanche*, kahawa ya pili na kitu kitamu. Hapa ndipo ninapoiruhusu orodha ya majina, lakini chagua mawili tu kwa siku.

A Brasileira, mtaa wa Rua Garrett, ilifunguliwa 1905 kuuza kahawa ya Brazili. Nje kuna sanamu ya shaba ya mshairi Fernando Pessoa, iliyowekwa 1988, na foleni ya wanaopiga nayo picha. Waache. Ingia ndani, simama kwenye kaunta ndefu, uangalie vioo na mbao zilizochongwa. Martinho da Arcada, chini ya matao ya Praça do Comércio, ipo tangu 1782, nayo Pessoa alikuwa mteja wake wa kudumu. Confeitaria Nacional ya Praça da Figueira, ya 1829, ndiyo iliyoleta Ureno *bolo rei*, keki ya Krismasi yenye matunda makavu. Pastelaria Versailles, ya 1922, iko mbali kidogo na njia za watalii, Avenida da República, na kwa maoni yangu inazishinda zote: dari za kifahari, wazee wenye magazeti, wahudumu waliozeekea kazini.

JIONI: AFRIKA ILIYOMO LISBON

Anzia Largo de São Domingos, jirani na uwanja wa Rossio, ambapo Waafrika, hasa wa Guinea-Bissau, hukutana kupiga soga hadi giza liingie. Ukitoka hapo panda kuelekea Mouraria. Tafuta mgahawa wa Msumbiji au wa Cape Verde; kwa wa Cape Verde uliza *cachupa*, mahindi na maharage yaliyopikwa polepole pamoja na mboga na samaki au nyama. Ya nyama kwa kawaida ina nguruwe. Ya samaki ipo, iombe. Kwa Waangola uliza *muamba*, kuku wa mafuta ya mawese. Sambusa, zinazoitwa *chamuças*, zimeenea hadi kwenye pastelaria za kawaida. Uliza kilichomo kabla ya kung'ata. Chakula cha usiku huanza saa moja na nusu, na wenyeji wengi huketi mezani saa mbili usiku au baadaye.

MAKOSA YANAYOWAGHARIMU WAGENI

- Kumfuata mtu anayekuvuta mlangoni kwa menyu yenye picha na lugha sita. Tasca nzuri haihitaji mpiga debe.
- Kutembea bila pesa taslimu. Tasca nyingine hazipokei kadi, au hupokea kadi za Ureno tu. Toa pesa kwenye mashine zenye nembo ya Multibanco.
- Kuagiza samaki anayeuzwa kwa kilo bila kuuliza uzito. Omba apimwe, uambiwe bei, ndipo achomwe.
- Kuacha simu juu ya meza ya nje.
- Kutoa bakhshishi kubwa. Sarafu chache kaunta, au asilimia 5 hadi 10 mgahawani ukiridhika. Si lazima.

ORODHA YA KUKAGUA KABLA YA KUTOKA

☐ Euro 20 taslimu, zikiwemo sarafu
☐ Viatu visivyoteleza. Mawe ya njia za Lisbon ni laini na vilima ni vikali
☐ Kadi ya usafiri iliyojazwa salio
☐ Sentensi tatu kichwani: "Bom dia," "Uma bica, se faz favor," "A conta, se faz favor"
☐ Jina la tasca moja ya akiba, iwapo ya kwanza imefungwa

CHA KUBEBA NYUMBANI

Samaki wa makopo ndio zawadi bora: hawaharibiki, na makopo yake yamechorwa kwa ufundi. Conserveira de Lisboa, duka la 1930 katika Rua dos Bacalhoeiros, bado hufunga kila kopo kwa karatasi mbele ya macho yako. Yaweke kwenye begi kubwa linaloingia chini ya ndege, kwa kuwa mafuta yaliyomo yanaweza kukwamishwa kwenye ukaguzi wa mizigo ya mkononi. Kahawa ibebe ya punje, si iliyosagwa. Pastéis de nata usivibebe safari ndefu. Tabaka zake hulainika ndani ya saa chache. Nunua cha mwisho asubuhi ya kuondoka, ukile kaunta ukiwa umesimama, kisha uende uwanja wa ndege.